Saa Zilizomo Mtungini

Mtungi wa oksijeni hauna dalili. Ukiunyanyua, uzito wake ni karibu ule ule, uwe umejaa au umebaki na robo. Ule mdogo wa lita 5, ambao hospitali zinazofuata mtindo wa Kifaransa huuita B5, hubeba gesi isiyozidi kilo moja na nusu hivi ukiwa umejaa kabisa. Uzito uliobaki wote ni chuma. Ukiutikisa, hakuna kinachochezacheza, maana ndani hamna kimiminika. Ukiugonga kwa ukucha, hupati jibu la kutegemea. Kinachozungumza ni mshale mmoja mdogo kwenye geji ya duara, ile ambayo wauguzi wa Kongo huiita manometa, na mshale huo nao hautaji kile ambacho kila aliyemo chumbani anataka kukijua. Unataja shinikizo. Watu wanauliza saa.

Kazi ya kugeuza shinikizo kuwa saa ndiyo ninayotaka kuisifu hapa. Haina jina kubwa, haina cheti cha peke yake, na ikifanywa vizuri hakuna anayeiona, kwa sababu kinachotokea ni kwamba mgonjwa anaendelea kupumua.

Kailo ni teritwari ya msitu na migodi katika jimbo la Maniema, mashariki ya Kongo. Wengi wanaoijua kwa mbali wanaijua kwa kasiteriti na wolframi, mawe ya bati na tungsteni yanayochimbwa kwa mikono na kuoshwa kwa maji. Mimi naiwazia zaidi kwa barabara zake. Zone ya afya ya Kailo ni moja kati ya zone 18 za Maniema, na kama ilivyo jimboni kote, mgonjwa anayezidiwa hupandishwa ngazi kwa ngazi: kutoka kituo cha afya hadi hospitali kuu ya rufaa ya zone, na ikibidi hadi Kindu, makao makuu ya jimbo, ukingoni mwa Lualaba. Kwenye ramani Kailo na Kindu ni majirani. Wakati wa mvua ujirani huo hupimwa kwa tope, kwa madaraja ya magogo, na kwa kusubiri. Mama aliyempakata mtoto nyuma ya pikipiki hatauliza bar ngapi za shinikizo zimebaki. Atauliza, "Docta, itatufikisha?" Na yule anayeitwa docta, ambaye mara nyingi ni muuguzi, anatakiwa awe na jibu kabla pikipiki haijawashwa.

Msingi wa jibu ni mwepesi. Mwaka 1662 Robert Boyle alichapisha kanuni kwamba gesi ikibanwa nusu ya nafasi yake, shinikizo lake huongezeka maradufu, mradi joto halijabadilika. Kwa hiyo ujazo wa mtungi kwa lita, ukizidishwa kwa shinikizo lake kwa bar, hukupa lita za gesi zitakazotoka. B5 iliyojazwa hadi bar 200 ina lita 1,000. B15 ina lita 3,000. B50, lile dubwana linalosimamishwa kwa mnyororo ukutani, lina lita 10,000. Oksijeni halisi iliyobanwa namna hiyo huingia zaidi kidogo ya vile kanuni ya Boyle inavyosema, karibu sehemu 6 kwa 100, na napenda kwamba kosa hilo liko upande wa mgonjwa: hesabu ya kichwani humpa muuguzi muda mfupi kuliko ule mtungi ulio nao.

Tuchukue mtoto wa mwaka mmoja mwenye nimonia, anayepewa lita 2 kwa dakika kwa mirija ya puani, na B5 ambayo mshale wake umesimama kwenye bar 120. Tano mara 120, lita 600. Gawa kwa 2, dakika 300, yaani saa 5. Hesabu imekwisha, na mwanafunzi wa shule ya msingi angeimaliza bila shida. Aliyebobea katika kazi hii hapo ndipo anapoanza.

Kwanza anatoa. Bar 20 za mwisho hazihesabu kabisa, kwa sababu mshale ukifika chini haueleweki vizuri, na kwa sababu anahitaji muda wa kubadilisha mtungi bila kukimbizana. Zimebaki bar 100, lita 500, dakika 250: saa 4 na dakika 10. Kisha anaitazama safari. Tuseme kwa siku njema ni saa mbili na nusu. Anaizidisha mara mbili, kwa sababu tairi hupasuka, kivuko hungoja abiria, na mvua ya msituni haiagi inapokuja. Saa 5. Mtungi una saa 4 na dakika 10. Haitoshi.

Wapiga mbizi wa mapangoni wana desturi inayofanana na hii: theluthi moja ya hewa kwa kwenda, theluthi moja kwa kurudi, na theluthi ya tatu kwa balaa usiyoijua. Lakini mpiga mbizi huamua mwenyewe kugeuka. Mtoto aliye katikati ya barabara ya Kailo hana pa kugeukia, na ndiyo maana muuguzi mzuri humalizia mabishano yake na mtungi akiwa bado uani mwa kituo.

Kama kuna mtungi wa pili, utafungwa kwenye pikipiki nyingine na hadithi itaishia hapo. Kama haupo, anarudi kwa mtoto. Anamvalisha oksimita kidoleni, ile koleo ndogo yenye mwanga mwekundu inayotokana na kazi ya mhandisi wa Kijapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970. Inasoma kwamba damu yake imejaa oksijeni kwa asilimia 97. Kwa mtoto wa namna hii, lengo linalofundishwa ni kutoshuka chini ya 90, na akiwa katika hali ya hatari sana, 94. Basi mtoto anapata zaidi ya anachohitaji. Muuguzi anapunguza hadi lita 1 na nusu, anangoja, anaangalia kifua kinavyobonyea kati ya mbavu, anangoja tena. 95. Anapunguza hadi lita 1. Baada ya muda namba inaanguka hadi 89, na pua za mtoto zinatanuka. Anarudisha lita 1 na nusu pasipo kujadiliana na nafsi yake. Lita 500 kwa 1 na nusu ni dakika 333, saa 5 na nusu na kidogo. Safari ya saa 5 imeingia ndani ya mtungi.

Katika tendo hilo moja naona ustadi wote wa kazi hii. Mtu asiyeijua angedhani amepunguza oksijeni ili mtungi udumu. Hakufanya hivyo. Alitafuta kipimo cha mtoto, akakipata kwa kuvuka mpaka na kurudi, na mtungi ukapata muda wake kutoka kwenye kile ambacho mtoto hakukihitaji. Kwa watoto njiti jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu oksijeni ikizidi huharibu macho yao yasiyokomaa. Yule anayebana kipimo cha mgonjwa ili mshale ushuke polepole hajaokoa kitu chochote, hata kama mtungi wake utafika Kindu na gesi tele.

Hesabu ya awali ni ahadi tu, na ahadi huangaliwa. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Lita 1 na nusu kwa dakika ni lita 90 kwa saa. Kwenye mtungi wa lita 5, lita 90 ni bar 18. Kwa hiyo muuguzi aliyeanza saa mbili asubuhi na bar 120 anajua kabla ya kutazama kwamba saa tatu anapaswa kukuta karibu bar 102. Tuseme anakuta 96. Mshale umeshuka bar 24 badala ya 18. Bar 6 zilizozidi, mara 5, ni lita 30 ndani ya saa moja, nusu lita kila dakika, ambazo hazikupita puani mwa mtoto. Kuna mahali panavuja. Na kama hapataonekana, matumizi ya kweli ya mtungi ni lita 2 kwa dakika, na zile saa 5 na nusu zimerudi kuwa saa 4 na dakika 10. Kivujio kisichosikika, kisichonusika, kimekula muda wote uliopatikana kwa kumpima mtoto kwa subira.

Kusoma mara mbili kunampa mtu habari ambayo kusoma mara moja hakuwezi kumpa, kwa mshale ule ule na bila kifaa cha ziada. Lakini hata hapa pana ujuzi ndani ya ujuzi. Geji ndogo huwa na mistari ya kila bar 10, hivyo jicho likikosea nusu ya mstari limekosea lita 25 kwenye B5. Kwenye B50 jambo ni jingine kabisa: lita 90 za saa moja ni bar 2 pungufu, na hakuna jicho litakaloziona. Mtungi mkubwa hauwezi kukaguliwa kwa saa moja. Utaachwa saa sita, ushuke karibu bar 11, ndipo useme. Muuguzi anayejua hayo hasumbuki kuutazama mshale wa B50 kila dakika kumi, na pia hadanganyiki anapoona haujasogea.

Kivujio hutafutwa kwa utaratibu. Unafungua mtungi, unaacha shinikizo liingie kwenye regulata, kile kifaa kinachopunguza shinikizo, unafunga mlango wa mtiririko, kisha unafunga valvu ya mtungi na kuuangalia mshale. Ukibaki pale ulipo, viungo ni vizima. Ukianza kushuka, gesi inatoka kati ya valvu na kipima mtiririko, na mara nyingi mkosaji ni washa iliyochakaa, kile kipete kidogo kinachokaa kati ya chuma na chuma. Maji yenye sabuni isiyo na mafuta, yakipakwa pale, hutoa mapovu.

Mafuta yenyewe ni adui wa kuogopwa. Maniema ni nchi ya mawese; yako kwenye sufuria, kwenye chupa zinazouzwa njiani, na kwenye vidole vya yeyote aliyetoka kula. Oksijeni yenye shinikizo kubwa ikikutana na mafuta au grisi inaweza kuwaka pasipo kiberiti. Fundi wa pikipiki mwenye nia njema, akiona valvu ngumu, atataka kuitia grisi. Muuguzi hunawa mikono kabla ya kugusa regulata, huikausha, na humzuia fundi huyo kwa heshima lakini bila kulegeza. Kisha huifungua valvu polepole, robo ya mzunguko, uso ukiwa pembeni, na baada ya hapo huimalizia.

Kuna pia joto. Mitungi hujazwa kwa kipimo cha nyuzi 15, joto ambalo Kindu hailijui mchana. Mtungi wa bar 200 kwa nyuzi 15 utaonyesha karibu bar 210 kwa nyuzi 30, na ukiachwa juani kwenye bodi ya lori mpaka nyuzi 40, karibu 217. Hakuna hata pumzi moja iliyoongezeka ndani. Jioni jua likishuka, mshale hushuka nao, na asiyejua ataanza kutafuta kivujio ambacho hakipo. Ndiyo maana mtungi uliotoka kujazwa au uliotoka juani haupimwi papo hapo. Unawekwa kivulini mpaka utulie. Mtu makini huandika pembeni ya bar kama ilikuwa asubuhi au adhuhuri, na akilinganisha, hulinganisha asubuhi na asubuhi.

Kipima mtiririko nacho kina tabia zake. Ule mrija wa kioo wenye gololi inayoelea hufanya kazi ukiwa wima tu, kwa sababu gololi husimama pale ambapo msukumo wa gesi umelingana na uzito wake. Ulaze mtungi nyuma ya pikipiki, na gololi itakaa popote. Namba yake haina maana tena ingawa gesi inaendelea kutoka. Ukiwa wima, unasoma katikati ya gololi, jicho likiwa usawa wake. Kwa safari, regulata yenye kitasa cha kuzungusha kinacholia kila kinapofika kwenye namba ni bora zaidi, kwa kuwa hupitisha gesi kwenye matundu yaliyopimwa na haijali imelala au imesimama. Wasipokuwa nayo, hushika mtungi wima kwa mkono njia nzima, na kumfunga mtu kazi hiyo tangu mwanzo ni sehemu ya makadirio.

Halafu soma bega la mtungi. Pale juu, chini ya shingo, chuma kimepigwa mhuri: ujazo wa maji kwa lita, shinikizo la kazi, shinikizo la majaribio na tarehe ya jaribio la mwisho. Ujazo huo ndio nusu ya hesabu nzima, na haubadiliki maisha yote ya mtungi. Vifaa vya hospitali za mashariki ya Kongo vimetoka pande nyingi za dunia kwa mikono ya misaada, biashara na misheni, na kila upande umekuja na kipimo chake. Geji ya Ulaya husema bar. Ya Marekani husema psi, na 2,200 zake ni bar 150 na kidogo. Kule wana hesabu fupi ya mtungi wao mdogo unaoitwa E, ambapo kila psi ni lita 0.28. Mtungi wa Kichina wa lita 40 huandikwa 15 MPa, maana yake bar 150, maana yake lita 6,000. Hata rangi haikubaliani: nyeupe ndiyo rangi ya oksijeni ya tiba katika utaratibu wa kimataifa, Wamarekani wana kijani, na Waingereza kwa miaka mingi walikuwa na mwili mweusi wenye mabega meupe. Muuguzi aliyesoma kwa bar, akikabidhiwa geji ya psi katikati ya usiku, anagawa kwa 14 na nusu kichwani huku mkono wa pili ukiushika mrija. Anayeweza kufanya hivyo bila kutafuta kalamu ana kitu ambacho sitachoka kukisifu.

Oksijeni, pamoja na yote hayo, ni gesi nyofu. Inapungua na mshale unapungua. Zipo zinazodanganya. Nitrasi oksidi, gesi ya usingizi ya chumba cha upasuaji, imo mtungini ikiwa kimiminika, na juu yake mvuke wenye shinikizo la karibu bar 50 kwenye chumba cha nyuzi 20. Unapoitumia, kimiminika huvukiza na kujaza pengo, na mshale unabaki palepale, saa baada ya saa, mpaka tone la mwisho. Ndipo unaporomoka. Mtungi wa namna hiyo hupimwa kwa mizani. Gesi ya kupikia ni vivyo hivyo: familia ya Dar es Salaam au Mombasa yenye mtungi wa kilo 6 haipati chochote kwenye geji, ila ikiupima kwa mizani na kutoa uzito wa mtungi mtupu uliopigwa mhuri kwenye kola, itajua. Jiko moja likiwaka kwa nguvu hula kama gramu 180 kwa saa, hivyo kilo 6 ni saa 33 za moto. Wapo wanaomwagia mtungi maji ya moto ubavuni na kupitisha kiganja. Pale joto linapogeuka ubaridi ndipo kimiminika kilipoishia. Ni njia ya kweli, na imegunduliwa na wapishi wengi bila kufundishwa.

Asetilini ya wachomeleaji ni ngumu kuliko zote. Haiwezi kubanwa peke yake pasipo kulipuka, kwa hiyo huyeyushwa ndani ya asetoni iliyonyweshwa kwenye kitu chenye vinyweleo kinachojaza mtungi mzima. Shinikizo lake hufuata joto kama linavyofuata kiasi, na ukiivuta haraka mno asetoni hutoka nayo. Fundi wa zamani hujiwekea mpaka wa kutovuta zaidi ya sehemu moja ya saba ya mtungi kwa saa, na mizani ndiyo humwambia kilichobaki.

Siwezi kuitaja asetilini nikampita Gustaf Dalén, Mswidi ambaye maisha yake yalikuwa swali hili hili. Mwanzoni mwa karne ya 20 minara na maboya ya bahari ya Uswidi yaliwaka kwa asetilini, mahali ambapo mlinzi hawezi kukaa na meli ya kuleta mitungi huja kwa nadra. Dalén alitengeneza aina bora zaidi ya kile kitu cha kujazia mitungi ili asetilini isilipuke, na pia kifaa cha kuifanya taa imweke kwa vipindi vifupi badala ya kuwaka mfululizo. Mwaka 1907 aliongeza valvu ya jua, yenye fimbo nyeusi inayotanuka kwa joto la mwanga na kuifunga gesi mchana, kisha kuifungua giza linapoingia. Taa zikaweza kukaa karibu mwaka mzima pasipo mtu kuzigusa. Alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912, mwaka ule ule ambao mlipuko wa asetilini ulimpofusha akiwa kazini. Aliendelea kuiongoza kampuni yake akiwa kipofu hadi alipofariki mwaka 1937. Namwona kuwa ndugu wa muuguzi wa Kailo, kwa kuwa wote wawili walitafuta muda ndani ya mtungi kwa kuuliza mwanga au pumzi inahitajika lini hasa na kiasi gani.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusiachane na mitungi. Ipo mashine ya konsentreta, inayovuta hewa ya chumbani, inachuja naitrojeni na kutoa oksijeni ya karibu asilimia 93. Ile ya lita 5 kwa dakika hutoa lita 7,200 kwa siku, zaidi ya mitungi saba ya B5, bila lori wala kivuko. Huko Papua Guinea Mpya, hospitali tano zilipopewa konsentreta na oksimita na mafunzo, vifo vya watoto wenye nimonia vilishuka kutoka karibu 5 kwa kila 100 hadi karibu 3. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliipa oksijeni nafasi katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya wagonjwa waliopungukiwa nayo, si kwa chumba cha upasuaji peke yake. Natamani kila kituo cha Maniema kiwe na konsentreta. Lakini mashine hiyo hula kama wati 350 mfululizo, na umeme ukikatika inanyamaza. Kwa hiyo hata penye konsentreta, mtungi husimama kando yake, na swali la saa ngapi husimama pamoja nao. Huulizwa gizani, palipokuwa na umeme dakika moja iliyopita.

Zamu zinapobadilishana, hesabu hii hupita kutoka kwa mtu hadi mtu. Anayeondoka akisema "oksijeni ipo", hajasema kitu. Anayeijua kazi husema: B15, bar 90 saa kumi na mbili jioni, mtiririko lita 1, ilikuwa 98 saa nne asubuhi, haivuji. Mwenzake anafanya hesabu palepale: bar 8 kwa saa 8, lita 120 dhidi ya lita 480 zinazotarajiwa. Hazilingani. Anauliza. Inabainika kwamba mtoto alikuwa kwenye konsentreta hadi saa kumi alasiri, na mtungi umefanya kazi saa mbili tu. Lita 120 ni sawasawa kabisa. Kisha anatoa bar 20 za akiba, 70 mara 15 ni lita 1,050, dakika 1,050, saa 17 na nusu. Kwenye rejista ataandika 11h30 kwa mtindo wa Kifaransa, na kwa mama wa mtoto atasema, "Itatufikisha kesho, mama, hata saa tano na nusu asubuhi. Lakini mimi nitaibadilisha mapema." Na plasta nyeupe inabandikwa kwenye mtungi ikiwa na bar, saa na mtiririko, ili atakayeamshwa ghafla asilazimike kumtafuta mtu wa kumuuliza.

Mtungi uliokwisha hauachwi wazi. Hufungwa ukiwa na bar chache ndani ili hewa yenye unyevu isiingie na kuleta kutu, huandikwa kwa chaki kwamba ni mtupu, na hutengwa na iliyojaa. Hapo hesabu inapanuka kutoka usiku mmoja hadi mwezi. Watoto wawili wakitumia lita 1 kila mmoja usiku na mchana ni lita 2,880 kwa siku. B50 moja, ikitolewa akiba ya bar 20, itawatunza siku 3 na saa chache. Kama lori la kupeleka mitungi kujazwa na kuirudisha huchukua siku 10 kiangazi, zinahitajika lita 28,800, B50 nne, ili wawili hao wasikatikiwe. Masika lori hilo hilo laweza kuchukua siku 20, na watoto wanaweza kuwa wanne. Anayetunza stoo anaandika namba hizo zote mbili kwenye karatasi ya maombi, anaipeleka Kindu wakati mitungi yake mingi ingali imejaa, na kesho yake asubuhi, kabla jua halijapasha chuma, anaipitia mitungi tena mmoja mmoja.